Aliyeitafuna Starta

"Mama, chai hii haitapoa kabla sijakuletea jina la mtu huyo, jina la baba yake, na kilichomtuma," alisema Kipanga, akivuta kiti ambacho hakukaribishwa. "Tangu nianze kazi ya upelelezi sijawahi kutoka kwenye kesi mikono mitupu. Kesi zenyewe zikiniona zinajifungua."

Kwamba chai ilikuwa ya moto, hilo tusimnyime. Mvuke ulipanda hadi kwenye pua yake, ile pua iliyompatia jina, na Kipanga akaunusa kama anayechunguza ushahidi.

Mama Tanuri, mwenye kiwanda cha mikate, hakucheka wala hakununa. Alimtazama kama anavyotazama trei iliyotoka tanurini na mikate imepasuka upande mmoja. Haijaungua, lakini wateja hawataipenda.

Kisha, nje uani, mtu akawasha gari.

KRRRRAAAK! Krrr-krrr-krrrrr!

Kijiko kilicheza kwenye kisahani. Kipanga alijikuta ameshika taya lake, maana sauti ile ilikuwa kama mtu anayetafuna changarawe kwa meno ya chuma.

"Umesikia?" aliuliza Mama Tanuri.

"Nimesikia."

"Basi hiyo ndiyo kesi yako. Gari langu ni zee, sikatai. Milango yake hufungwa kwa kubembelezwa. Lakini starta yake, ile mota ya kuwashia injini, ni mpya, fundi aliifunga msimu huu huu. Sasa fundi huyo huyo ananiambia kwamba hii inayopiga kelele siyo aliyoifunga. Mtu ameitoa nzima, akaniwekea takataka. Na anayeshinda na gari hilo kutwa ni mmoja tu."

"Dereva."

"Dereva, ambaye ni shemeji yako. Ndiyo maana nimekuita wewe na si mwingine, nisije nikaambiwa nimemwonea." Alikunja mikono kifuani. "Kuna mtu anakuja leo kunikodishia gari lake, na anataka lije na dereva wake mwenyewe. Akifika, ama nina jina la mwizi, ama shemeji yako anarudisha ufunguo na unga wake umemwagika. Sitasubiri kesho. Mikate haisubiri."

Simu ya Kipanga ililia. Alipoona jina aliifunika kwa kiganja, ikaendelea kulia ndani ya kiganja, akaipokea.

"Kaka," ilisema sauti ya dada yake mdogo, mke wa dereva.

"Niko kazini."

"Najua uko kazini, ndiyo maana nimepiga. Ukimfukuzisha kazi mume wangu, kile kiti unachokalia kwangu kila jioni ukisubiri kupakuliwa, nitakipasua kuni."

"Mdogo wangu, upelelezi hauna shemeji."

"Na sufuria yangu haina kaka." Simu ikakatwa.

Mama Tanuri alikuwa ametazama dirishani kwa adabu. Sauti ya dada mtu, hata hivyo, haikuwa ya kufichika.

*

Umeme ulikuwa umekatika, kama ulivyojizoesha, na uani jenereta ilinguruma ndani ya kibanda chake cha mabati hata mtu akipiga chafya hakuna wa kumwitikia. Gari la mikate, jeupe zamani, lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa kibanda hicho, karibu kabisa, kama mgonjwa aliyelazwa kitanda kimoja na mwehu.

Shemeji yake alisimama mlangoni mwa gari. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia moja iliyomkera Kipanga tangu siku ya posa: hajibu swali mpaka alizungushe kichwani, aligeuze chini juu, alirudishe.

"Shemeji," alisema Kipanga kwa sauti ya kazi, "umeuza starta ya watu?"

Dereva alitazama mawingu. Alitazama viatu vyake.

"NIMEULIZA, UMEUZA STARTA?" Kipanga alidhani jenereta ndiyo iliyomeza swali.

"Nimesikia, shemeji. Nilikuwa natafuta namna ya kujibu bila kukuvunjia heshima." Akafikiri tena kidogo. "Hapana."

"Hapana ndiyo iliyokuwa inatafutwa muda wote huo?"

"Kulikuwa na nyingine, lakini zilikuwa na matusi."

Boneti lilikuwa wazi, na chini yake, tochi ikiwaka kichwani mchana kweupe, alikuwa fundi umeme wa magari aliyejulikana kwa jina la Profesa. Hakupewa jina hilo na mtu yeyote. Alijipa mwenyewe, akalisisitiza mpaka watu wakachoka kubisha.

"Mpelelezi!" alisema Profesa bila kuinua kichwa. "Umekuja kuniuliza mimi, au umekuja kujifunza?"

"Nimekuja kusikiliza. Shemeji, washa."

Dereva alizungusha ufunguo. KRRRAAAK! Kunguru juu ya paa la kiwanda waliondoka bila kuagana. Injini ikashika, kelele ikakata, na Kipanga akainua kidole juu kama aliyeona mwezi.

"Betri!" alitangaza. "Betri imechoka. Haina nguvu ya kuzungusha, ndiyo maana starta inalalamika. Kesi imekwisha."

Profesa alijinyoosha taratibu, akazima tochi ya kichwani, dalili kwamba sasa anaongea na mtu asiyehitaji mwanga.

"Betri ikichoka, bwana mkubwa, starta haisagi. Inagonga. Ka-ka-ka-ka, basi. Na taa zinafifia. Shemeji yako awashe taa, uangalie."

Taa ziliwashwa. Kipanga alichuchumaa mbele ya gari na kuziangalia wakati dereva akizima na kuwasha tena. Starta ilisaga mbele ya masikio yake na taa hazikupepesa. Zilimtazama zikiwa kali, tena kwa dharau. Akashika vichwa vya betri, akavitikisa. Vilikuwa vimekazwa, visafi, havina hata ule unga mweupe wa kutu.

Ndani ya ofisi chai ilikuwa imepoa zamani.

"Sawa," alisema, akijipangusa magoti. "Betri nimeiondolea lawama. Sasa wewe, Profesa. Ulimwambia Mama Tanuri kwamba starta imebadilishwa. Umejuaje?"

"Kwa sauti."

"Kwa sauti tu?"

"Mimi starta zangu nazijua sauti, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Hii si yangu."

"Una ushahidi wa kushikika?"

"Boliti!" Profesa alielekeza tochi chini, upande ambapo injini inakutana na boksi la gia. "Zitazame vichwa vyake. Zinang'aa. Mtu amezifungua majuzi kwa spana. Boliti ambayo haijaguswa ina uchafu wake, ina mafuta yake, ina heshima yake."

Hapo Kipanga alipata uhai. Alilala chali chini ya gari kwa shati lake la kazini, akatazama. Kweli boliti ziling'aa. Alitaka kumwita Mama Tanuri papo hapo. Lakini alikumbuka kile kiti cha kwa dada yake, akauliza swali moja zaidi.

"Mara ya mwisho wewe mwenyewe kuzigusa boliti hizi ni lini?"

"Jana," alisema Profesa. "Nilizikaza. Nilidhani labda zimelegea, ndiyo maana kuna kelele."

Pembeni yao jenereta iliendelea na hotuba yake.

"Jana," Kipanga alirudia akiwa bado chali. "Ulizishika wewe mwenyewe, kwa spana yako mwenyewe, ukazing'arisha, halafu leo zinamshitaki shemeji yangu."

"Sikuliangalia kwa upande huo."

"Profesa, nipe spana." Alizijaribu boliti moja baada ya nyingine. Hazikusogea hata unywele. "Zimekaza. Kwa hiyo hazikulegea, na hizi si ushahidi. Itoe hiyo starta."

"Kuitoa ni kazi!"

"Na kumwita mtu mwizi ni nini, mapumziko?"

Profesa aliitoa. Aliitoa akinung'unika kwa starta, kwa boliti, kwa aliyebuni gari ambalo mkono wa mtu mnene haupiti, na kwa ukoo mzima wa wapelelezi. Waya wa betri aliufunga kitambaa, chuma kikatua juu ya pipa tupu kwa kishindo. Kipanga aliifuta starta kwa gazeti, akaigeuza polepole. Chini kabisa, karibu na mahali pa kuingizia waya, palikuwa na doa la rangi ya samawati, la ukubwa wa ukucha.

"Hii nini?"

Profesa aliinama. Uso wake ulipitia hali kadhaa zisizompendeza.

"Hiyo ni alama yangu," alisema mwisho. "Kila starta ninayofunga naitia doa, ili mteja asije akaniletea ya mtu mwingine kudai imeharibika."

"Kumbe mtoto ni wako."

"Ni wangu."

"Na kilio chake hukukijua."

"Amebadilika sauti," alisema Profesa, akajishughulisha na kuwasha tochi.

Dereva alikuwa amesikia yote. Alikuwa, bila shaka, anatafuta namna ya kusema kitu bila kumvunjia mtu heshima.

*

Mama Tanuri alitoka ofisini akaja kusimama kwenye kivuli cha paa, mikono bado kifuani. "Nimeambiwa si wizi," alipaza sauti. "Basi niambieni ni nini! Au starta imeamua yenyewe?"

"Subiri, Mama!" Kipanga alipaza pia. Shati lake lilikuwa na grisi kutoka kola hadi kiunoni, koo linawasha kwa kupiga kelele, na simu ilikuwa imetetemeka mfukoni mara nyingi kiasi cha kumkanda paja. "Profesa, ijaribu hapohapo ilipo."

Profesa alileta betri na waya mbili nene, akaikanyaga starta kwa kiatu isiruke, akagusanisha. Ikazunguka. Ilizunguka laini, tamu, kama cherehani ya fundi mwenye mpangilio.

Kipanga aliikunjia uso. Hakuna kitu kinachoudhi kama mshukiwa anayetabasamu.

"Peke yake haisagi," alisema. "Ikiwa ndani ya gari inasaga. Kwa hiyo kelele haitoki kwake. Inatoka pale inapokutana na mwenzake." Aliinua starta akaitazama mdomoni, kwenye kigia kidogo kinachochomoza kwenda kuuma gurudumu kubwa la injini. "Lete tochi. Hapana, ivue kichwani, nipe mkononi. Angalia hapa meno."

Ncha za meno ya kigia kile zilikuwa zimelika. Mzizi wa kila jino ulikuwa mzima, lakini mbele, pale jino linapoingia kwanza, chuma kilikuwa kimepukutika, na makovu yake yalimeta. Yalikuwa mapya. Kipanga alipitisha kidole, kikarudi na vumbi la chuma.

"Sasa gurudumu lenyewe."

Walichungulia kwenye tundu ilipotoka starta. Dereva alishika spana ndefu mbele ya injini akaizungusha kwa mkono, kidogo kidogo, na gurudumu la meno likapita mbele ya tochi kama msafara wa watu waliotoka kupigana. Jino limelika. Jino limelika. Jino limelika. Walizunguka mzunguko mzima na hakukuwa na mahali palipopona.

"Hapo sasa ni ajabu," alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza hakuwa anajionyesha. "Injini ikizimwa haisimami popote. Ina mahali pake inapopenda kusimama, palepale kila siku. Gari likizeeka, starta inakula meno ya pale tu. Kwingine meno yanabaki mazima."

"Rudia."

"Nimesema kuchakaa kwa kawaida kunaonekana mahali fulani fulani. Si kuzunguka kote."

Kipanga alisimama wima, akajigonga kichwa kwenye boneti, hakujali. Hapa ndipo alipokuwa mtu wa kumtazama. Pua ilimtuna, mkono mmoja ukaenda kiunoni, na hata jenereta ilionekana kumsikiliza.

"Basi gurudumu halikuwa limesimama," alisema. "Lilikuwa linazunguka. Starta ilipeleka meno yake ndani wakati injini tayari inawaka. Mtu aliwasha gari, likawaka, halafu akapiga starta tena juu yake."

"Mara moja?" Mama Tanuri alikuwa amesogea bila kujijua.

"Mara moja ungekuta mkwaruzo. Huyu alifanya mazoea. Shemeji!"

Dereva aliacha spana.

"Umewahi kupiga starta gari likiwa linawaka?"

Safari hii hakutazama mawingu. "Shemeji, mimi ni dereva."

"Jibu swali."

"Hilo ndilo jibu." Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya chini kama mtu anayepiga pasi. "Taa ya dashibodi ya kuonyesha kama injini imewaka iliungua siku nyingi, nikasema, haikubadilishwa. Kwa hiyo nikiwasha, naweka kiganja juu ya mkono wa gia. Gari likiwa hai, gia inatetemeka. Mtu mwingine asiyejua hivyo angelitegemea sikio."

"Na sikio lina ubaya gani?"

Dereva alinyoosha kidole tu, kuelekea kibanda cha mabati.

Kipanga aligeuka akakitazama kibanda, akalitazama gari, akapima kwa macho nafasi iliyokuwa kati yao, ambayo paka mnene angepita kwa shida.

"Tujaribu," alisema. "Tuliwashe hapa hapa."

"Starta iko juu ya pipa," Profesa alikumbusha.

"Basi tulisukume!"

Walilisukuma. Dereva alikaa kwenye usukani akiwa ameingiza gia na kukanyaga klachi. Profesa alisukuma kwa mdomo zaidi ya mabega. Kipanga alisukuma mpaka kifungo cha suruali kikakatika. Gari lilitembea kwa shingo upande, likashtuka, likawaka, likazunguka ua na kurudi ubavuni mwa jenereta. Dereva alishuka akaliacha linaunguruma.

Angalau, walidhani linaunguruma. Kipanga aliweka sikio dirishani. Akaliweka kwenye boneti. Akasikia jenereta. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akasikia jenereta. Alipogusa mkono wa gia, ulikuwa unatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Haisikiki!" alipiga kelele, akiruka nje. "Mnaona? Haisikiki hata kidogo! Zima, shemeji. Mama, njoo, njoo hapa. Namjua mtu wako. Simjui jina, lakini namjua kuliko mama yake. Kwanza, si dereva kwa kazi. Dereva angegusa gia. Pili, aliliwasha gari likiwa limeegeshwa hapa, si getini linapopakiwa. Tatu, jenereta ilikuwa inawaka, yaani umeme umekatika. Na hakwenda nalo popote! Angetia gia na kuondoka angejua mara moja kwamba linawaka. Alikaa tu ndani, jioni baada ya jioni, akizungusha ufunguo ili ahakikishe linawaka, akisikia krrr, akidhani ni jenereta. Mjinga wa namna hii hawezi kuwa na wenzake wengi."

"Sawa," alisema Mama Tanuri polepole. "Na atakuwa na ufunguo."

"Bila shaka ana ufunguo! Funguo za gari ziko kwa nani?"

"Mmoja anao dereva. Akitoka jioni anaondoka nao, analala nao. Wa pili uko kwenye droo yangu, na droo ina kufuli."

"Tumefika. Nani amewahi kupewa huo wa droo?"

Mama Tanuri alikuna shavu. "Hakuna."

"Fikiri vizuri, Mama. Kumbukumbu inapenda kujificha."

"Hakuna, Kipanga. Isipokuwa wewe."

Kipanga alikuwa ameinua kidole. Kidole kilibaki juu, kimesahauliwa.

"Wewe mwenyewe, msimu huu huu, ulipokuwa ukivizia wezi wa unga wa stoo. Ulisema utakaa ndani ya gari jioni, uione stoo bila stoo kukuona. Nikakupa ufunguo ufungulie mlango. Lakini wewe ulikaa tu, sivyo? Hukuliwasha?"

Sasa umeme una mambo yake. Unaweza kukatika siku nzima usimjali mtu, kisha ukachagua dakika moja ya kurudi. Taa za kiwanda ziliwaka zote pamoja. Jenereta ikakohoa, ikajizima. Kipanga, aliyekuwa amevuta pumzi ya kujibu juu ya kelele yake, alijibu hivi:

"NILIKAA TU!"

Sauti yake ilijaa ua mzima, ikagonga ukuta wa jirani, ikarudi.

"Hata redio sikuigusa," aliongeza, kwa sauti ya chini.

Redio hakuna aliyeitaja.

*

Profesa alianza kukusanya spana zake kwa utulivu ambao haukuwa wake. Dereva alimwangalia shemeji yake, na safari hii ilikuwa wazi kwamba anacho cha kusema na hakisemi, kwa sababu kaka wa mke ni kaka wa mke.

Kipanga alifuta jasho kwa gazeti lenye grisi. Paji la uso likapata mstari mweusi.

"Mama," alisema, "ukilitazama jambo hili kwa mapana, hili gari ni zee."

"Umetoka kusema si uzee."

"Nilisema kwa ujumla. Lakini kitaalamu, chuma cha zamani kina udhaifu wake. Gurudumu hili ni la tangu gari litoke kiwandani. Ukiliwekea starta mpya, halipatani nayo. Ni kama..." Alitafuta mfano hewani, hewa haikumpa. "Profesa atanielewa."

"Profesa hakuelewi," alisema Profesa.

"Kwa hiyo hakuna aliyefanya?" aliuliza Mama Tanuri.

"Hakuna. Ni bahati mbaya ya chuma. Nitakuandikia ripoti nzuri."

Getini honi ililia mara mbili. Kupitia nafasi ya mlango walimwona mwenye gari la kukodi, na pembeni yake kijana mwenye miwani ya jua, ambaye tayari alikuwa anachungulia ndani kama mtu anayekagua chumba alichopangishwa.

Mama Tanuri alishusha mikono kifuani. "Vizuri. Kama ni bahati mbaya ya chuma, basi dereva ndiye aliyekuwa na chuma hicho kila siku. Alisikia kinasagika, akaendelea kukisaga mpaka kikaisha. Sina mwizi, lakini dereva mzembe ninaye. Leta ufunguo."

Dereva hakubisha. Alichomoa ufunguo kwenye mnyororo wake, pole pole, maana kipete kilikuwa kigumu, akauweka juu ya pipa kando ya starta. Kisha akafungua mlango wa gari akaanza kutoa vitu vyake: koti la mvua, kitambaa cha kufutia kioo, picha ya mkewe iliyokuwa imebandikwa juu ya kikinga jua. Picha ilitoka na rangi kidogo ya gari.

Dada yake Kipanga alimtazama kutoka kwenye picha ile.

Kipanga alifungua mdomo.

"Hodi!" mtu aliita.

Haikuwa kutoka getini. Kwenye kijimlango cha nyuma, kile kinachopakana na nyumba ya ghorofa, alisimama bibi mmoja mwembamba, amevaa ndala na miwani mikubwa, shali begani. Ndiye mwenye dirisha lile la juu lililotazama uani, lenye pazia ambalo halikufungwa hata siku moja.

"Samahanini, wanangu. Nimengoja jenereta inyamaze ndiyo nije, maana si kwa kusikilizana kule. Nimekuja kuhusu hiyo kelele ya gari. Krrr! Krrr! Ya jioni nilifikiri imekwisha, leo imeanza tena mchana."

"Unaijua kelele hii, Bibi?" Mama Tanuri alimsogelea.

"Naijua? Nimeishi nayo! Kila umeme ukikatika jioni, kuna bwana alikuwa anakaa humo ndani. Anafungulia redio mpaka mwisho ili aishinde jenereta. Mpira. Halafu kila baada ya muda, krrr! Nikawa najisemea, maskini, amefukuzwa na mke, na sasa ana vita na gari."

Kipanga alisogea mbele, kifua nje, uso wa kiofisi umemrudia. Hili alilijua. Shahidi ni shahidi, na mashahidi alishawababaisha wengi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Kutoka dirishani kwako, jioni, umeme umekatika. Ni giza."

"Giza totoro."

"Uso wa mtu huyo uliuona?"

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shali, akaivaa, akamtazama Kipanga kuanzia kola yenye grisi hadi kifungo kilichokosekana.

"Hapana, baba. Sitasema uongo. Uso sikuuona. Kofia tu, na mkono dirishani."

"Kofia watu wengi wanavaa."

"Wengi mno."

"Kwa hiyo huwezi kula kiapo kwamba ni fulani."

"Siwezi. Nitaapaje?"

Kipanga alimgeukia Mama Tanuri akatandaza viganja, kama mfanyabiashara aliyefunga duka. Kijana wa miwani ya jua alikuwa ameshaingia ndani ya ua.

"Ninachokumbuka mimi," Bibi aliendelea, akiwa kama anayejizungumzia mwenyewe, "ni ile siku ya fainali. Nilimhurumia yule bwana, wallahi. Timu yake ikapewa penalti mwishoni kabisa, nami nimeganda dirishani. Yule mshambuliaji wao akaupiga mpira juu, ukaenda zake nje."

"Haukwenda nje," alisema Kipanga.

"Ulikwenda nje, baba. Nilisikia mwenyewe."

"Haukwenda nje, Bibi."

"Juu kabisa. Jukwaani."

"Jukwaani wapi! Uligonga mwamba! Uligonga mwamba ukarudi uwanjani, na beki wao akaugusa kwa mkono, mtangazaji mwenyewe alirudia mara mbili, nikapiga honi mpaka kidole kikaniuma, na yule refa akajifanya..."

Bila jenereta, ua ule ulikuwa na sauti nyingi ndogo ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Bomba lilidondosha tone. Trei zilipoa zikilialia. Mahali fulani spana ya Profesa ilianguka na Profesa hakuiokota.

Mama Tanuri aliunyanyua ufunguo kutoka juu ya pipa, akaurudisha kwenye kiganja cha dereva na kukikunja kiganja hicho kwa vidole vyake. Muda wote huo hakuyaondoa macho usoni kwa Kipanga.

"Kumbe uligonga mwamba," alisema Bibi kwa upole, akijifunga shali vizuri na kushika kijimlango. "Asante sana, baba. Hilo lilikuwa linaninyima usingizi."